Sala ya toba tunaiongoza vizuri. Kusali tunamfundisha nani?

Mzee wa Gungu (mleta uzi)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na msio wa imani hii habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Kigoma kiangazi ndiyo msimu wa mikutano ya injili. Mwanga, Ujiji, Mwandiga, huko juu mpaka Kasulu na Buhigwe, spika zinaanza alasiri. Mahubiri yakiisha watu wanaitwa mbele, wanainua mikono, wanafuatisha: "Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi, futa jina langu katika kitabu cha hukumu, liandike katika kitabu cha uzima." Dakika moja hivi imekwisha. Kwenye kipaza sauti inatangazwa idadi ya waliookoka, vigelegele, kwaya inapanda.

Mimi kanisani kwetu niko kitengo cha ufuatiliaji. Wahubiri wakishapanda basi kurudi kwao, daftari la majina linabaki mikononi mwetu. Na nilichokiona miaka yote hii ni kwamba hatuna upungufu wa watu wa kuomba sala ya toba. Tatizo ni kwamba kwa wengi hiyo ndiyo sala ya kwanza na ya mwisho waliyoisema kwa kinywa chao wenyewe. Baada ya pale wanakuwa watu wa kuombewa. Jumatano wanaombewa, Ijumaa mkesha wanaombewa, redio ikifunguliwa wanaweka mkono juu ya redio waombewe. Ukimwambia "dada, tuombee chakula" anaruka kama kaguswa na moto: "Aa mtumishi, mimi siwezi!"

Nianze na wokovu maana hapo ndipo tunapochanganya.

Je, sala inaokoa? Paulo katika Warumi 10 ana mpangilio wake: mhubiri anatumwa, watu wanasikia, wanaamini, ndipo wanaita. Mstari wa 13 tunaupenda, "Kila atakayeliitia Jina la Bwana ataokoka." Wa 14 tunauruka: "Basi wamwiteje yeye wasiyemwamini?" Ukimwitisha mtu ambaye hajasikia zaidi ya nusu saa ya vitisho vya jehanamu na ahadi ya kupona mgongo, umempa maneno ya kutamka. Huyo anayemwita bado hamjui.

Mwangalieni Kornelio wa Matendo 10. Alimwomba Mungu daima, akatoa sadaka nyingi, na malaika akamthibitishia kwamba sala zake zimefika juu. Angekuwa Kigoma leo tungeshampa uongozi wa idara ya maombi. Pamoja na hayo malaika hakumwambia "wewe tayari, endelea hivyo hivyo." Alimwagiza atume watu Yafa wakamlete Petro, ndiye atakayemwambia maneno ya kumwokoa. Sala zake hazikununua wokovu, wala hazikupotea. Zilimfikisha mahali pa kusikia habari za Kristo.

Kuna wenzetu wanasema sala ya toba ni uzushi mtupu. Hapo siendi nao. Mtoza ushuru wa Luka 18 alisema sentensi moja, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi," akashuka nyumbani amehesabiwa haki. Mwizi msalabani hakuwa na muda wa darasa. Anayemlilia Mungu kwa toba anasikiwa, awe ameongozwa au ameropoka mwenyewe. Ninachokataa ni kuifanya fomu ya kujaza.

Na mjue tu historia yake. Mtindo wa kufuatisha maneno nyuma ya mhubiri hamtaukuta kwa mitume. Umetoka kwenye mikutano ya uamsho ya Marekani. Karne ya 19 Charles Finney aliweka benchi la mbele kwa waliokuwa wakihangaikia roho zao; karne ya 20 mikutano mikubwa ya akina Billy Graham, pamoja na vijitabu vya injili vyenye sala ukurasa wa mwisho, ikausambaza dunia nzima. Kuwa jambo la juzi si dhambi, spika nazo ni za juzi. Ila usimpe mtu hakika ya mbinguni kwa kitu ambacho Petro siku ya Pentekoste hakukitumia.

Sasa hoja yenyewe. Someni Matendo 8, Simoni yule mchawi wa Samaria. Ameamini, amebatizwa, halafu anataka kununua karama kwa fedha. Petro anamkemea na kumwambia atubu, *akamwombe Bwana*. Simoni anajibu nini? "Niombeeni ninyi kwa Bwana." Ameambiwa aombe, anajibu niombeeni! Nikisoma mstari ule naona foleni yetu ya Ijumaa usiku.

Halafu linganisheni na wanafunzi wa Yesu katika Luka 11. Yesu alikuwa akiomba, alipomaliza mmoja wao akamwambia "Bwana, tufundishe sisi kusali." Hakusema tuombee. Na Yohana Mbatizaji naye, tunaambiwa pale pale, aliwafundisha wanafunzi wake kusali. Kwa hiyo enzi zile mwalimu asiyewafundisha wanafunzi wake kusali hakuwa amefundisha.

Naomba michango. Matusi hapana.

---

Nyavu Kavu

Mzee hapa umenigusa. Sisi jioni hii tunaingia majini, giza limeanza. Nikirudi mwaloni asubuhi nitasoma mmefikia wapi.

---

Maji Mengi

Mleta uzi umezunguka sana lakini jibu unalo kwenye Biblia yako na umelikwepa. Matendo 9:11, Sauli yuko Dameski, Bwana mwenyewe anamwambia Anania "maana, angalia, anaomba." Amefunga siku tatu, anaomba. Je, aliokoka kwa kuomba huko? Matendo 22:16 Anania anamwambia: "Simama, ubatizwe, ukaoshe dhambi zako, ukiliitia jina lake." Dhambi zilikuwa bado zipo! Siku tatu za maombi hazikuziondoa. Sala ya toba bila maji ni nusu habari. Ongea ukweli mzee.

---

Moto wa Mwanga

Mmeanza sasa. Mtu akifa njiani kuelekea mtoni mtasemaje?

---

Katekista Mstaafu

Tumsifu Yesu Kristo. Niko Kabanga huku, mvua imenikosesha kwenda shamba, ngoja nichangie.

Mzee wa Gungu, hilo unalolilia lilishafikiriwa katika ukanda wetu huu kabla babu zetu hawajazaliwa. Wamisionari wa Afrika, wale tuliowaita Mapadri Weupe, walifika Tabora 1878 na Ujiji 1879. Mwanzilishi wao Kardinali Lavigerie alikuwa ameagiza mtu asibatizwe kwa haraka, ukatekumeni, yaani mafunzo ya kabla ya ubatizo, uwe wa miaka minne. Miaka minne! Mtu anafundishwa, anaangaliwa anavyoishi na mkewe na majirani, na anasali. Sala ya asubuhi, ya jioni, Baba Yetu, Nasadiki. Wapo waliolalamika kwamba ni mirefu. Nikiangalia dakika moja ya kwenye kipaza sauti, najiuliza nani alikuwa amezidisha.

Kanisa la kale lilifanya hivyo hivyo. Augustino akiwa askofu wa Hippo alikuwa akiwahubiria wanaokaribia ubatizo kuhusu Baba Yetu, sehemu kwa sehemu. Mahubiri hayo yapo hadi leo. Walikabidhiwa sala hiyo, wakaishika, wakatakiwa kuirudisha kwa kinywa. Na ule waraka wa kale uitwao Didake unamwagiza Mkristo aseme Baba Yetu mara tatu kwa siku.

Kuhusu swali lako kama sala inaokoa: Katekisimu yetu namba 2744 inamnukuu Mtakatifu Alfonsi wa Liguori, kwamba anayesali hakika ataokoka na asiyesali hakika atapotea. Najua mtaruka mkisema Wakatoliki wanajiokoa kwa rozari. Tulieni. Alfonsi anajengea juu ya jambo alilolisema Augustino: kuna vitu Mungu huvitoa hata kwa wasioviomba, kama mwanzo wa imani, na kuna vingine amewawekea wanaoomba tu, kama kudumu hadi mwisho. Ukilielewa hilo, ugomvi wenu wa sala ya toba unapungua. Mwanzo ni wake. Shida ni wapi tunapata nguvu ya kufika mwisho.

---

Moto wa Mwanga

Mzee Katekista heshima yako, ila sala za kukariri ndizo Yesu alizokataza. Mathayo 6:7, "msipayuke-payuke, kama watu wa mataifa." Sala itoke moyoni.

---

Katekista Mstaafu

Mwanangu, shuka mistari miwili hapo hapo ulipo, mstari wa 9.

---

Moto wa Mwanga

Sawa, nimeuona 😅 Lakini hoja ya kurudia-rudia bila moyo bado naishikilia.

---

Katekista Mstaafu

Ishikilie, ni ya kweli. Halafu siku moja nenda mkesha wowote ukahesabu "Baba katika jina la Yesu" zinasemwa ngapi kwa dakika, uje utuambie kati yetu nani anakariri.

---

Mtoto wa Ujiji

Asalaam aleikum majirani. Mimi Muislamu, nasoma tu kimya kimya. Naomba kuuliza bila ubaya. Kwetu mtoto akifika miaka saba mzazi anatakiwa kumwamrisha kuswali, na anajifunza kwa kusimama pembeni ya baba yake. Nyie mtoto mnamfundisha lini? Maana mtaani kwetu naona watoto wa Kikristo wanapelekwa kuombewa mitihani ila sijawahi kuona mmoja anaambiwa aombe yeye.

---

Mzee wa Gungu

Waaleikum salaam jirani. Swali lako limenikaa kooni. Shule ya Jumapili zetu nyingi watoto wanafundishwa nyimbo na mistari ya kukariri, na sala anaifanya mwalimu huku wao wamefumba macho. Nyumbani ikitegemea baba, wengi wetu jioni tuko kijiweni. Wako wanaofanya vizuri, lakini umeona ulichokiona.

---

Binti Kasulu

Shikamoo mzee Gungu. Nimesoma kwa makini na nina la kuongeza, halafu nina la kukupinga.

La kuongeza. Kuna huduma moja, sitaitaja, nilikaa humo muda. Nilipoingia nilikuwa naomba mwenyewe, mama yangu ni Mwanglikana wa zamani, tulilelewa na sala za jioni. Taratibu nikafundishwa kwamba maombi yangu "hayana mamlaka," kifungo changu kinahitaji mtumishi mwenye upako, na upako una utaratibu wake: sadaka ya kuonana naye, chupa ya mafuta, na kila mwezi unarudi. Nilifika mahali hata kuumwa kichwa nampigia simu mtumishi kabla sijasema "Mungu wangu." Ukiwaza vizuri ni sawa na kumtuma jirani akaongee na mama yako mzazi, tena umemlipa nauli, wakati mama yuko chumba cha pili. Kilichonitoa humo ni Waebrania 7:25. Yupo mmoja anayeniombea sikuzote, na halipishwi.

La kukupinga. Usiwachanganye wote. Mwaka niliofiwa sikuweza kusali. Kweli kabisa, nilikuwa nafungua kinywa hakitoki kitu. Akina mama wa jirani walikuja jioni kwa jioni wakawa wanaomba mimi nimekaa tu nawaangalia. Hao ndio walionivusha. Yakobo 5:14 mgonjwa anaambiwa awaite wazee wamwombee. Kwa hiyo kuombewa si ugonjwa, mzee. Uliandika kwa hasira kidogo pale kwenye foleni ya Ijumaa.

---

Mzee wa Gungu

Marahaba binti yangu. Hasira ipo, siikani.

Kuhusu kuombewa tuko pamoja, na ushahidi wako mwenyewe unaonyesha tofauti: akina mama wale walikuombea mpaka ukasimama, yule mwingine alikuombea ili urudi mwezi ujao. Usiku ule kabla ya kukamatwa Yesu anamwambia Petro, "nimekuombea wewe ili imani yako isitindike." Luka 22:32. Ukitaka kuombewa, hakuna kuombewa kunakozidi huko. Saa chache baadaye, bustanini, anamwambia Petro huyo huyo akeshe aombe asije akaingia majaribuni. Maombi ya Mwana wa Mungu mwenyewe hayakumpa Petro ruhusa ya kulala. Na tunajua alilala, na tunajua kilichofuata penye moto wa makaa. Kilichomrudisha ni yale maombi ya kwanza. Sasa ukiniuliza kipi kilikuwa cha lazima, cha Yesu au cha Petro, nitakwambia cha Yesu ndicho kilichomwokoa, na cha Petro kilipokosekana ndipo alipoanguka. Zaidi ya hapo elimu yangu inaishia, wanathiolojia waje.

Warumi 8:26 pia isaidie: Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Mwaka wako ule wa kufiwa hukuwa kimya kama ulivyodhani.

---

Hoja Kwanza

Swali fupi kwa wote. Mungu wenu anajua yote na ameshapanga yote. Kuomba kunabadilisha nini? Mnajituliza tu.

---

Katekista Mstaafu

Yesu mwenyewe alisema Baba anajua mnayohitaji kabla ya kumwomba, na mara baada ya hapo akawafundisha kuomba. Hakuona mgongano. Wewe mkeo anajua unampenda?

---

Hoja Kwanza

Sijaoa mzee 😂

---

Ng'wana Urambo

Mwangaluka wana Kigoma! Mnajadili kama vile Tabora hatupo.

Mimi ni Mmoravian, nimezaliwa Urambo, misheni ambayo wamisionari wa London waliifungua wakaja kuikabidhi kwa Wamoravian mwaka 1898. Ngoja niwape kitu kuhusu sala na uanafunzi ambacho hata Wamoravian wenzangu vijana hawakijui.

Mwaka 1727 kule Herrnhut, Saksonia, Ujerumani, palikuwa na kijiji cha wakimbizi wa dini kwenye ardhi ya kabaila mmoja, Zinzendorf. Walikuwa wakigombana wao kwa wao vibaya, dini moja mdomo kumi. Agosti mwaka ule wakapatana, na mwishoni mwa mwezi huo wanaume 24 na wanawake 24 wakaweka agano la kuomba kwa zamu, kila mmoja saa yake, usiku na mchana, saa ishirini na nne. Zamu ile ilidumu zaidi ya miaka mia moja. Someni tena. Wazee walioianza wakafa, wajukuu wakaipokea.

Angalieni sasa aliyeomba ni nani. Hakuwa nabii mmoja na watu wamepanga foleni. Ni mafundi, wakulima, wanawake wa kawaida. Seremala alikuwa na saa yake. Mwaka 1732 wakaanza kutuma wamisionari, wa kwanza walikwenda visiwa vya Karibi kwa watumwa. Mwaka 1891 wakafika Rungwe, 1898 Urambo. Kwa hiyo mimi kuwa Mkristo ni matokeo ya mafundi wa Herrnhut waliopewa saa zao wakazitumia. Naunga mkono hoja ya mleta uzi kwa asilimia zote.

Nyongeza ndogo kwa Mzee Gungu: hata uamsho wetu wa Afrika Mashariki ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea hadi huku magharibi, nguvu yake ilikuwa vikundi vidogo. Mnakaa, mnakiri dhambi zenu waziwazi, mnaombeana, mnaimba ule wimbo wa sifa wa Tukutendereza. Mkulima alikuwa anamwombea mchungaji. Leo ujaribu kumwombea "Mtume" uone.

---

Moto wa Mwanga

Hapo kwenye "Mtume" nimecheka kwa sauti dukani, mteja kaniangalia.

---

Mwanachuo Tabora

Shikamooni wazee wote. Mimi nimeokoka mwaka huu kwenye mkutano, niliongozwa sala ya toba kama anavyosema mzee. Sijui kama niliokoka siku ile au baadaye, maana kuelewa nilielewa baadaye. Swali langu ni la chini sana, msinicheke. Naanzaje? Nikipiga magoti hosteli, dakika mbili nimemaliza kila kitu. Baada ya hapo nawaza mitihani. Wenzangu wanaomba saa nzima wananena kwa lugha, mimi najiona bandia.

---

Mzee wa Gungu

Marahaba mwanangu. Hakuna wa kukucheka hapa, na akitokea nitamjibu mimi. Swali lako si la chini, ndilo lile la Luka 11.

Nakueleza tunavyofanya sisi na kikundi cha wavuvi, Nyavu Kavu akirudi anisahihishe. Wavuvi wa dagaa wanavua usiku kwa taa, kwa hiyo wanafanya kazi giza likiwepo. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, kazi inasimama, wanakaa nchi kavu wanatengeneza nyavu. Kanisa lilikuwa limeweka darasa la waongofu Jumanne jioni, mwaka mzima. Ndiyo maana mvuvi haonekani, halafu tunasema amerudi nyuma! Tukahamisha darasa lifuate mwezi. Mbalamwezi tunakutana karibu kila jioni, giza tunawaacha wafanye kazi na sala zao wanazibeba kwenye mtumbwi.

Tunaanza na Baba Yetu, lakini hatuisemi yote. Jioni ya kwanza ni "Baba yetu uliye mbinguni" basi. Kila mtu aseme kwa maneno yake mwenyewe, kwa Kiswahili au Kiha, huyo Baba amemtendea nini. Sentensi moja inatosha. Jioni nyingine "utupe leo riziki yetu," na hapo wavuvi hawahitaji kufundishwa, wana mengi ya kusema kuhusu bei ya mafuta ya boti na dagaa walioloana na mvua. Tukifika "utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu" panakuwa kimya, maana mwaloni watu wanadaiana kweli, na mdeni wako pengine amekaa mkeka huo huo. Jioni ile huwa haiishi mapema. Kuna watu walisameheana pale ambao mahubiri ya miaka hayakuwafikia. Huo ndio uanafunzi ninaoujua mimi: sala inakushika shati inakurudisha kwa ndugu yako.

Njia hii sikuibuni. Mwaka 1535 kinyozi wa Martin Luther, jina lake Petro, alimuuliza swali lako hili hili, na Luther, pamoja na shughuli zake zote, akamwandikia maelekezo: chukua Baba Yetu, Amri Kumi, Imani ya Mitume, pita sehemu moja moja, simama ulipoguswa, usilazimike kumaliza. Kinyozi!

Kwa hiyo dakika zako mbili zisikuaibishe. Mtoza ushuru hakufikisha hata moja. Chukua Zaburi, isome kwa sauti ya chini, badili pale penye "mimi" pawe wewe kweli. Zaburi ya 51 ukiwa umekosa, ya 13 ukiwa umechoka kusubiri, ya 103 ukiwa na furaha. Mawazo ya mitihani yakija, ombea mitihani, ndiyo maisha yako ya sasa. Na tafuta wenzako wawili au watatu wa kusali nao, wasiwe wale wa kushindana nani kapiga kelele zaidi.

Kunena kwa lugha ni karama, Paulo anauliza "Je! wote wanena kwa lugha?" na jibu analotaka ni hapana. Wewe si bandia.

Na kuhusu siku uliyookoka: Mungu anaijua. Wewe endelea.

---

Binti Kasulu

Mwanachuo, mimi nilipoanza tena nilitumia kitabu cha sala cha mama. Maneno ya wengine yalinibeba mpaka yangu yakarudi. Usione haya.

---

Nyavu Kavu

Mwakeye wote. Tumetia nanga sasa hivi, dagaa si haba.

Mzee ameeleza sawa ila kaficha kitu. Siku yangu ya kwanza kuambiwa niombe kwa sauti nilisema "Mungu, asante kwa ziwa," nikakwama, nikatoka nje nikajifanya napokea simu. Mzee akasema mbele ya wote "Amina, ameomba vizuri." Nilidhani ananikejeli. Kumbe alikuwa anamaanisha.

Kwenye mtumbwi wetu tuko mchanganyiko, Waislamu, Wakatoliki, mimi Mpentekoste, na mmoja anasema yeye dini yake injini. Upepo ukivuma kutoka upande wa Kongo kila mtu anasali kwa namna yake na hakuna anayemuuliza mwenzie amekariri au ametunga. Swali langu kwa Katekista: ile sala ya upepo mkali, mtu anamwita Mungu kwa hofu tu na nchi kavu anasahau, hiyo inahesabika?

---

Katekista Mstaafu

Zaburi 107, kuanzia mstari wa 23, inazungumzia watu wa vyombo vya majini hasa. Walimlilia Bwana katika dhiki zao akawaponya na shida zao. Haisemi walikuwa watu wema. Inachowadai ni kwamba wakishafika bandarini wamshukuru. Kwa hiyo sala ya upepo inasikiwa, bwana Nyavu. Muulize mwenye dini ya injini kama akishuka mwaloni anasema hata asante.

---

Nyavu Kavu

Nitamuuliza, ila si leo, leo ana usingizi na hasira.

---

Maji Mengi

Naona mmeshaanza kupongezana. Mzee wa Gungu hujajibu Matendo 22:16. Watu wanasoma huu uzi, sema wazi: dhambi za Sauli ziliondoka alipoomba au alipobatizwa?

---

Mzee wa Gungu

Sijakukwepa, nilikuwa nahudumia watu. Nakubaliana nawe kwamba katika Matendo hakuna aliyeamini akaambiwa "fuatisha sala hii" kisha akaachwa. Walibatizwa, na haraka. Makanisa yetu yanayohesabu mikono iliyoinuliwa na kuchelewesha ubatizo mpaka msimu ujao yana la kujibu. Lakini mstari wako una vitu viwili, maji na "ukiliitia jina lake," na wewe unasoma kimoja. Na nyumbani kwa Kornelio Roho aliwashukia kabla ya maji, Petro ndipo akauliza nani awezaye kukataza maji. Kwa hiyo mimi sithubutu kumpangia Mungu dakika.

Ukitaka tuingie huko kwa undani fungua uzi wa ubatizo, nitakuja, na Katekista najua hatakosa. Ila usifungue leo, leo mwezi bado mdogo na nina daftari la mkutano wa wiki iliyopita, majina mengi hayana namba za simu, imeandikwa tu "Kibirizi, karibu na mashine."

---

Nyavu Kavu

Mzee nipigie picha hiyo kurasa unitumie. Wa karibu na mashine nawafahamu karibu wote.